BOMBA LA PLASTIKI HUBEBWA NA UDONGO
(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii na wakazi wa kambi)



Wengi wetu tulikimbia makwetu baada ya mashambulizi ya Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, na ya Palma, Machi 2021. Hapa tulipo, maji tunayokunywa hupita katika bomba la plastiki lililofukiwa. Tujue jinsi ya kulitunza.

Bomba gumu, kama la zege, hubeba mzigo lenyewe. La plastiki hubonyea. Lori likipita juu, mgongo wa bomba hushuka na mbavu zake hutanuka. Udongo wa pembeni ukiwa umeshindiliwa, huzizuia mbavu hizo na kuchukua sehemu kubwa ya mzigo. Ukiwa umelegea, bomba hulala bapa, maungio huachia na maji huvuja.

Jaribuni wenyewe. Ziba mdomo wa chupa tupu ya plastiki kwa kitambaa, ilaze, ibonyeze kwa kiganja. Kisha ilaze ndani ya ndoo, shindilia mchanga wenye unyevu pande zote, ifunike, ubonyeze tena. Mtaona tofauti.

Kwa hiyo, tunapochimba mtaro:

1. Tuondoe mawe ya matumbawe. Jiwe moja chini ya bomba huweza kulitoboa.
2. Tulaze bomba juu ya mchanga uliosawazishwa.
3. Tujaze mchanga pande mbili kwa pamoja, tabaka la sentimita 15, na kushindilia kila tabaka. Tusipige juu ya bomba lenyewe.
4. Panapopita magari, udongo juu ya bomba usipungue sentimita 90. Uzito wa gurudumu hupungua kadiri unavyoenea chini.

Kwa wote: msichote mchanga kando ya bomba kwa ajili ya kukandika nyumba, wala msichimbe choo karibu nalo. Mvua ikilifukua, zuieni magari na mwarifu kamati ya maji siku hiyo hiyo.

Hasara si maji yanayomwagika tu. Maji yanapofungwa, bomba lenye ufa huweza kunyonya uchafu wa nje, nao ukaingia ndooni. Baada ya kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kipindupindu kilizuka Pemba. Ugonjwa huo hupita katika maji machafu, na mtoto mdogo huweza kufa kwa saa chache.

Tuutunze udongo, nao utatutunzia bomba.