Barua ya Kumwita Mgeni



Ukisimama mwaloni Rukuba asubuhi, dagaa wakiwa wametandazwa juani na mitumbwi ya usiku imeshavutwa mchangani, habari za viza na vibali huonekana ni mambo ya mbali, ya Dodoma na Dar es Salaam. Lakini makanisa ya Musoma, Bunda na Butiama yaliyowahi kuishi na familia ya wamisionari yanazijua vizuri. Familia imekwenda kwao likizo. Nyumba imefungwa, ufunguo anao mzee wa kanisa, kuku wanalishwa na jirani. Kisha inakuja simu kwamba vibali havijatoka. Mwezi wa kwanza watu wanaomba, wa pili wanauliza, wa tano wananyamaza. Huko ng'ambo watoto wameandikishwa shule nyingine, na yule mdogo, aliyejifunza kutembea kwenye vumbi la Musoma, anamuuliza mama yake watarudi lini nyumbani, naye kwa neno hilo anamaanisha huku kwetu.

Nawaonea huruma, tena sana. Msimamo wangu ni kwamba familia za namna hii zirudi, na zipewe jibu mapema. Ila barua ya kuziita tuiandike sisi wenyewe, na tuiandike kwa ukweli.

Kwanza tuelewane kuhusu taratibu. Viza ya utalii haimruhusu mtu kuja kuhubiri au kufundisha chuo cha Biblia. Mmisionari anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na haviombi kama mtu binafsi aliyeamka na wito wake. Nyuma yake lazima kiwepo chombo kilichosajiliwa hapa nchini, kanisa au shirika, kinachosema: huyu tunamhitaji, kazi yake ni hii. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inakwenda mbele zaidi. Inamtaka mwajiri anayemleta mgeni awe na mpango wa kurithishana, yaani aonyeshe ni Mtanzania gani anayeandaliwa kuishika kazi hiyo baadaye. Wengi huuona mpango huo kama karatasi ya usumbufu. Mimi nauona kama swali ambalo kanisa lilipaswa kujiuliza lenyewe, hata kama serikali isingeuliza.

Kwa nini nasema hivyo? Tazama historia ya nchi hii. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902. Alijifunza Kichaga hadi akaandika vitabu vizito juu ya mila za Wachaga. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa Wajerumani, naye akiwamo. Miaka ikapita akisubiri ng'ambo, mpaka katikati ya miaka ya 1920 mlango ulipofunguliwa tena, akarudi Moshi na kufanya kazi hadi 1938. Alichokikuta ndicho ninachotaka ukisikie: kanisa lilikuwa hai. Walimu Wachaga walikuwa wamefundisha, wamezika, wamepatanisha watu, na Jumapili hazikukosa ibada. Alirudi kwa watu waliokuwa wameshajua kusimama, na kurudi kwake kulikuwa na maana zaidi kwa sababu hiyo.

Hapa Mara tuna ushahidi wetu. Wamenonaiti kutoka Marekani walianza Shirati mwaka 1934, wakaja Bukiroba, wakaja Mugango. Miaka 33 baadaye, mwaka 1967, Zedekia Kisare akawekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Kanisa la Mennonite Tanzania. Wakatoliki nao walikuwa Nyegina tangu mwaka 1911, na hapohapo mwaka 1943 kijana kutoka Butiama alibatizwa akaitwa Julius. Kijana huyo, akiwa Rais, alisimama mbele ya masista wa Maryknoll kule New York mwaka 1970 akawaambia kuwa Kanisa lisiposhiriki katika vita dhidi ya umaskini na dhuluma litapoteza maana kwa watu. Hakuwafukuza wageni. Aliwadai kazi.

Na kazi ipo. Musoma kuna mradi wa kutafsiri Biblia katika lugha zetu za Mara: Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kiikoma, Kikabwa, Kingoreme na nyingine. Ni kazi ya subira kuliko hata kutengeneza nyavu. Mtafsiri, mwenyeji wa lugha, anaandika. Mshauri, mara nyingi mgeni aliyesomea Kigiriki na Kiebrania, anakagua. Kisha rasimu inapelekwa kijijini kusomwa kwa sauti. Bibi anayesikiliza akikunja uso na kusema, "Hapo hatusemi hivyo," sentensi nzima inarudi mezani. Mshauri akikwama ng'ambo, wenzake wanaweza kuendelea kuandika, lakini ukaguzi unasubiri, na bibi yule hapati kusikia kitabu kikisomwa kwa lugha aliyolelewa nayo. Bibi hana miaka mingi ya kusubiri.

Ndiyo maana nasema jibu litoke mapema. Ombi likikataliwa, familia iambiwe, iuze vitu vyake na kuanza maisha upya. Likikubaliwa, ipande ndege. Kinachoumiza ni kukaa katikati, sanduku limefungwa na tiketi haijakatwa. Serikali ina haki kamili ya kuuliza nani anaingia nchini na kwa kazi gani, na mmisionari mkweli haogopi kuulizwa. Jibu la haraka ni utu kwa mgeni, na ni heshima kwa mwenyeji aliyemwita.

Nawe mzee wa kanisa unayenisikiliza, uwe Rukuba, Etaro, Bunda au Butiama, nina ombi kwako. Usiwaachie wageni waandike wenyewe sababu za kurudi kwao halafu wewe ukapiga mhuri tu. Keti na kamati yako wiki hii, kabla kibali hakijaisha muda. Andikeni kazi iliyobaki, na muda inaohitaji. Kisha andikeni jina la kijana wenu atakayekaa pembeni ya mgeni huyo kila siku mpaka aijue kazi. Kama jina hilo hamnalo, anzeni kumtafuta leo, ndipo barua ipelekwe.