Samadi Kwanza, Brokoli Baadaye
Mbolea ya viwandani ikipanda bei, mkulima wa brokoli wa Lushoto huambiwa arudi kwenye samadi. Ushauri mzuri, ila ni nusu. Brokoli hula naitrojeni nyingi, na samadi huitoa taratibu. Ukiisubirisha hadi siku ya kuhamisha miche umechelewa. Kichwa kitafunga kidogo kama ngumi ya mtoto. Samadi ichanganywe na udongo wiki mbili tatu kabla, tena iwe imeoza sawasawa: nyeusi, baridi mkononi, haina harufu ya zizi. Mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Miche ikishashika, ongeza mbolea ya kuku iliyooza, kidogo tu, mbali na shina. Kinachonitia shaka mimi ni usafiri. Ekari moja hutaka tani kadhaa, na njia za milima ya Usambara, huku Lushoto, mnazijua zilivyo ngumu.