"Ndiyo" Yetu na "Yes" Yao

Leo tunazungumzia Kiingereza, na hasa Kiingereza cha mapokezi ya hospitali, cha kituo cha basi na cha ofisi ya uhamiaji, ambacho ndugu zetu wanaohamia huku Uingereza hukikuta kikiwa mbali na kile walichofundishwa darasani.

Aghalabu mgeni hulalamika kwamba hana maneno ya kutosha. Nathubutu kusema kwamba maneno si tatizo kubwa. Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi, yaliyosomwa polepole, kwa msamiati wa maneno kama 1,500 tu, na kwa maneno hayo ikatangaza habari za vita, za uchaguzi na za safari ya mwezini. Mtu aliyemaliza sekondari Dodoma au Kakamega huenda anajua mengi kuliko hayo. Kinachomponza ni Kiswahili chake mwenyewe. Hutunga sentensi ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa, akaivika maneno ya Kiingereza, na mwenzake akaelewa kinyume.

Chukua mgonjwa anayesubiri upasuaji. Kama ilivyo desturi kabla ya dawa ya usingizi, ameagizwa asile chakula kwa muda wa saa 6. Muuguzi anamwuliza: "You haven't eaten, have you?" Yaani, hujala, sivyo? Kwa Kiswahili tutajibu "ndiyo", kwa kuwa tunaikubali kauli ya muulizaji: ndiyo, ni kama usemavyo, sijala. Kiingereza hakiangalii kauli ya muulizaji. Kinaangalia tendo lenyewe. Maadamu hukula, jibu ni "No". Mgonjwa wetu akisema "Yes", muuguzi anaweza kuelewa kwamba amekula, na upasuaji aliousubiri kwa miezi ukaahirishwa.

Hapo amepoteza siku tu. Lakini sikiliza swali hili: "You're not allergic to penicillin, are you?" Dawa hiyo haikudhuru, sivyo? Mtu ambaye humdhuru kweli atajibu kwa mantiki ya Kiswahili, "hapana", akikusudia: hapana, sivyo usemavyo, hunidhuru. Akiigeuza kuwa "No", muuguzi ataandika kwamba dawa ni salama kwake. Msikilizaji, sarufi hiyo si ya kupatia alama za mtihani tena.

Dawa yake ni nyepesi. Usiache "Yes" au "No" ikasimama peke yake, ifungie mkia. "No, I haven't." "Yes, I am." Kitenzi kisaidizi kilichotumika katika swali ndicho kinachorudi katika jibu: "have" kwa "have", "do" kwa "do", na "are" unayoulizwa wewe hugeuka "am". Ukisitasita, taja jambo zima: "I have not eaten." Na kama bado una shaka, omba mkalimani. Katika Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, mgonjwa hatozwi fedha kwa ajili ya mkalimani, wala si aibu kumwomba. Mtoto wa miaka kumi asifanywe mkalimani wa maradhi ya mama yake.

Jambo la pili ni saa. Sote tunajua kwamba saa mbili yetu ya asubuhi ni "eight o'clock" yao. Katika karatasi hatukosei. Ulimi ukiharakishwa kwenye simu ndipo "two" inapochomoka, na miadi ikapotea. Tena Waingereza hupenda kusema "half eight". Si nusu ya nane! Ni saa mbili na nusu. Wamelimeza neno "past" tu. Rudia saa uliyoambiwa kwa tarakimu, "eight thirty", kisha ngoja wakuitikie.

Vijineno "a" na "the" huwatesa watu miaka na miaka, na walimu wengi huvifundisha kana kwamba Kiswahili hakina kitu kinachofanana navyo. Kipo. Nikikuuliza, "Umeleta barua?" nauliza barua yoyote. Nikisema, "Umeileta barua?" sote wawili tunaijua barua hiyo. Ile "-i-" iliyojipenyeza ndani ya kitenzi inafanya kazi iliyo karibu sana na ya "the", na ilipokosekana, "a" mara nyingi hutosha. Kipimo hiki hakifui dafu kila mahali, hasa kwa watu, ambao Kiswahili huwapa kiambishi hata wasipojulikana. Lakini kwa vitu kitakufikisha mbali.

Kiambishi "-me-" nacho kina ujanja wake. "Nimefika jana" hukubalika kwetu, ila Kiingereza hakipendi "have" ikutane na "yesterday". Sema "I arrived yesterday". Na mtu akimpigia simu mumeo aliye kitandani, usimwambie "he has slept", kwani atadhani bwana keshaamka na sasa aje kwenye simu. "He is asleep."

"He" na "she" ni suala zito zaidi kuliko kichekesho kinachotokana nalo. Kiswahili hakiulizi jinsia: "alikuja", "alinipiga", "alikimbia", basi. Mwombaji hifadhi akimtaja mtu yule yule kwa "he" katika ukurasa mmoja na "she" katika ukurasa wa pili, msomaji wa faili anaweza kuona watu wawili, au hadithi mbili. Hapa nashauri kitu kisicho cha sarufi: kila penye hatari ya kuchanganya, taja jina au uhusiano. "My brother." "My aunt."

Nimalizie na "pole". Hatuna budi kuitafsiri, na tumezoea kuiita "sorry". Mwenzako akijikwaa ukamwambia "sorry", atakujibu kwamba kosa si lako, mkacheka. Barabarani, magari mawili yakigongana, neno hilo hilo laweza kusikika kama kukiri kosa, na makampuni ya bima huwashauri madereva wasikiri hapo hapo. Huruma yako ina maneno mengine: "Are you all right?" Ulizia hali yake kwanza, kisha mpeane majina na namba za magari.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutashughulikia mazungumzo ya simu, ambako uso hauonekani na mikono haisaidii. Hadi wakati huo, kwaheri.