Faida za Gesi ya Kusukumia Dawa, na Hadhari Zake Ghalani



Kopo la dawa ya kupulizia wadudu limekwisha kuwa kitu cha kawaida madukani. Wengi huijua dawa iliyomo, lakini ni wachache waijuao gesi inayoisukuma. Gesi hiyo hushindiliwa ndani ya kopo hata ikawa kimiminiko.

Faida yake ya kwanza ni nguvu isiyopungua ovyo. Bomba la mkono hutegemea msuli wa mpulizaji; akichoka, dawa hutoka kwa matone makubwa. Lakini ndani ya kopo, kila dawa ipunguapo, sehemu ya kimiminiko kile hugeuka mvuke na kujaza nafasi, na msukumo hubaki karibu ule ule mpaka mwisho. Faida ya pili, gesi itokapo nje huchemka mara moja na kuipasua dawa kuwa ukungu mwepesi, unaoelea na kumfikia mbu katika pembe za nyumba.

Chombo hiki kilibuniwa nchini Marekani na Lyle Goodhue na William Sullivan wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili askari wajikinge na mbu wa malaria. Gesi ya siku zile ilikuwa ya jamii ya klorofluorokaboni, isiyowaka moto. Lakini mwaka 1974 wataalamu Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi hizo hupanda juu sana na kuweza kuharibu tabaka la ozoni, linalokinga viumbe na miali mikali ya jua. Itifaki ya Montreal ikafanywa mwaka 1987, na Tanzania ikairidhia mwaka 1993.

Badala yake viwanda vingi vimeshika buteni na propeni, ambazo ni nafuu kwa bei wala haziharibu ozoni. Hapa ndipo penye jambo. Gesi hizi ndizo zile zile za mitungi ya kupikia. Huwaka upesi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hata zikakutana na koroboi au jiko la mkaa. Katika ghala lenye kahawa au pamba, moto mmoja waweza kuteketeza jasho la msimu mzima la wanachama wote.

Kwa hiyo inafaa kila chama kizingatie haya:

Dawa isipulizwe penye moto wala taa ya utambi.

Makopo yasiwekwe juani wala karibu na jiko.

Kopo lililokwisha lisitobolewe wala kutupwa motoni, kwani gesi hubaki humo, na kopo hulipuka.

Dawa isipulizwe karibu na kahawa, maana kahawa hunyonya harufu upesi na kupoteza thamani.

Mtunza ghala asome maandishi ya kopo kabla ya kulitumia. Asiyejua kusoma asomewe.

Gesi hii ina faida kubwa kwa aijuaye tabia yake. Tahadhari kabla ya hatari.