Jubilei ya Ndoa Bila Ukumbi

Mwaka 1947 katika machimbo ya Mwadui, mkoani Shinyanga, liliokotwa jiwe la almasi la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5. Mwenye machimbo, Dakta John Williamson kutoka Kanada, hakulipeleka sokoni. Alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye mwaka huo huo aliolewa na Philip. Likachongwa, likabaki karati 23.6, likawekwa katikati ya pambo la kubandika kifuani. Maharusi wale walifikisha miaka 60 ya ndoa mwaka 2007, ile ambayo wenyewe huiita jubilei ya almasi, na wakaigusa ya 70 mwaka 2017.

Nalitaja jiwe hilo kwa sababu juma hili nataka tuzungumze juu ya ndoa na namna ya kuikumbuka. Maganzo, mji mdogo ulio jirani kabisa na Mwadui, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, kuna watu waliokaa katika ndoa miaka mingi wakishika mawe ya almasi mikononi, lakini hawajapata kuketi wawili, mume na mke, wakala sahani ya wali nje ya nyumba yao. Arusi za Uingereza zimepambwa na udongo wa kwetu. Za kwetu je?

Yupo bwana mmoja wa Maganzo, dalali mdogo wa mawe. Mkewe ana kibanda cha chakula. Walipokaribia miaka 25 ya ndoa, watoto na ndugu wakaunda kamati. Nanyi mnazijua kamati. Akapatikana mwenyekiti, akapatikana katibu, akapatikana mweka hazina, na mjumbe wa vinywaji ambaye mchango wake siku zote ni kuonja. Zikachapishwa kadi zenye kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha mtu na mwenzake. Ukatajwa ukumbi, ikatajwa keki ya ghorofa, mpiga picha za video, mshereheshaji kutoka Shinyanga mjini, sare za vitenge. Mama mwenyewe alikuwa jikoni akiwapikia wajumbe chai. Alipokuja kukusanya vikombe akasema, kwa sauti ya chini kabisa: "Baba watoto, fedha zote hizo, mimi nikiomba unipeleke mahali nikaoge maji ya moto ambayo sikuyachemsha mwenyewe, itakuwa vibaya?"

Kikao kiliahirishwa.

Wako waliosema mama ametekwa na mambo ya Kizungu. Wako walionong'ona kwamba dalali amelishwa kitu. Katibu alikuwa na shida zaidi, kwa maana kadi zilikwisha gawiwa. Mimi niliposimuliwa habari hii sikucheka sana, kwa sababu hebu piga hesabu. Mwanamke anaamka saa kumi za usiku, anawasha moto wa wateja, anamchemshia mume maji ya kuoga, anawachemshia watoto, halafu yeye anaoga yaliyobaki, nayo yamekwisha poa. Hayo kwa miaka 25. Mtu huyo akiulizwa anataka zawadi gani akajibu "maji ya moto", amesema neno zito kuliko hotuba zote ambazo mshereheshaji angezisoma kwenye kipaza sauti.

Sasa maji hayo yako wapi? Bahati mbaya Usukumani ni adimu, na sababu yake ni ile ile iliyowapa watu wa Mwadui almasi. Almasi hupanda juu pamoja na mwamba uitwao kimbalaiti kutoka kina cha zaidi ya kilometa 100, na mawe hayo hupatikana mahali ambapo bara ni kongwe, nene, na limetulia kwa muda mrefu mno. Nchi ya Shinyanga ni ya namna hiyo. Chemchemi za maji moto mara nyingi hutaka kinyume chake, yaani ardhi iliyopasuka, kama Bonde la Ufa. Mvua huzama ndani ya nyufa, hukutana na miamba yenye joto, kisha hurudi juu ikitoa mvuke. Kwa hiyo mtu wa Maganzo, aliyelala juu ya almasi, hana budi kupanda basi akitaka kuoga.

Basi lenyewe hupita Tinde, Nzega, Igunga, Singida na Babati, lami tupu. Ukishuka Makuyuni unakata kwenda Mto wa Mbu, na hapo upo kwenye lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara. Humo mna chemchemi mbili, Maji Moto Ndogo na Maji Moto Kubwa. Ile kubwa, iliyo mbali upande wa kusini, ina joto la zaidi ya nyuzi 60, kwa hiyo ni ya kutazamwa na si ya kuogwa. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, maana tumezoea kuamini kwamba hifadhi ni za watu wenye kofia na kamera.

Ukiendelea Arusha hadi Boma Ng'ombe, wilayani Hai, utaonyeshwa njia ya Chemka, ambapo wengine hupaita Kikuletwa. Ni mahali pazuri kupita maelezo: maji ya buluu, maangavu hata unaona mizizi ya miti chini, na mitini kumefungwa kamba ambazo vijana hujirusha nazo. Lakini niseme ukweli, kwa kuwa matangazo hayasemi: Chemka haichemki. Maji yake yanabubujika tu, na ni ya baridi kiasi cha kuburudisha. Mama wa Maganzo akifikishwa pale kwa ahadi ya maji moto atakuwa na haki ya kununa. Hata hivyo kama shida ni kupumzika, panafaa. Nenda siku ya kazi, kwa sababu Jumamosi na Jumapili vijana na miziki yao hujaa. Kuhusu mavazi, asitishwe mtu; khanga mbili zinatosha, na asiyejua kuogelea akae pembeni penye kina kifupi.

Tanga kuna chemchemi za kibiriti karibu na mapango ya Amboni, zinazoitwa kwa jina la Galanos, Mgiriki wa mashamba ya mkonge. Zinanuka kama yai viza, na watu huziendea kwa ajili ya ngozi na viungo. Katika Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, yako maji moto ambayo yakiteremka kijito hupoa kidogo kidogo, na wageni huchagua dimbwi la joto wanalolimudu.

Majirani nao wanayo. Bogoria, nchini Kenya, maji hutoka ardhini yakiruka juu kwa joto la karibu na kuchemka, watu huchemshia mayai, na hoteli iliyo karibu na ziwa ina bwawa la kuogelea linalopata maji ya chemchemi. Olkaria, karibu na Naivasha, kampuni ya umeme ya KenGen imechimba visima vya mvuke kuzalisha umeme, kisha maji yake ikayaelekeza katika bwawa kubwa la kuogea. Kitagata, magharibi ya Uganda, ziko chemchemi mbili jirani: moja ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, na ya pili watu wameiita Mulago, kama hospitali kuu ya Kampala, kwa kuwa wagonjwa hukaa humo wakitafuta nafuu. Huko hakuna hoteli ya kifahari wala mtu wa kukupa taulo. Ni wazee, mawe na mvuke.

Tahadhari moja, na naomba isipuuzwe. Maji ya chanzo yanaunguza kama sufuria. Usimtumbukize mwenzako kwa mzaha. Mwenye shinikizo la damu, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wamwone daktari kabla ya safari, na aliyekwisha kunywa bia asiingie kabisa.

Nilisikia baadhi ya wanaume wa pale wakisema kwamba bwana yule ni mwungwana, ati "anampeleka" mkewe kutembea. Neno hilo lilinikera kidogo. Mzigo ndio hupelekwa. Kibanda cha mama kilisomesha watoto katika miezi ambayo dalali hakuona jiwe hata moja, na biashara ya mawe ina miezi mingi ya namna hiyo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani huhesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Shauri lile lilikuwa la talaka. Lakini hivi kweli tungoje watu waachane ndipo jasho la mama lipigiwe hesabu? Nauli ile ni yake pia. Hapelekwi. Wanakwenda.

Wala sisemi karamu ni mbaya. Ndugu wakutane, wale, waombe dua, wacheze. Ninachokataa ni ile sherehe ambayo wahusika wake wawili huketi kwenye viti vya mapambo tangu saa moja ya jioni hadi saa sita, hawasemezani neno, na kesho yake mmoja wao anaosha masufuria ya kukodi huku mwingine akihesabu deni la ukumbi. Tena deni lenyewe hulipwa kwa jiwe ambalo bado liko ardhini.

Linabaki swali la kibanda, ambalo ndilo huwazuia akina mama wengi kuliko nauli. Siku nne bila moto, wateja watahamia kwa jirani, na jirani hatawarudisha. Kwa hilo jibu lipo tayari na halihitaji kuchangiwa. Kamati ilikwisha undwa. Mwenyekiti apike uji, katibu aandike madeni ya wateja, mweka hazina akae na kikapu cha fedha, na mjumbe wa vinywaji achote maji kisimani, maana anajua kubeba kreti.