Figo Iliyopandikizwa: Tambua Mapema Inapokataliwa



Katika kaunti yetu ya Uasin Gishu, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret hupandikiza figo. Lakini kazi haiishi mgonjwa anaporudi nyumbani. Kinga ya mwili huiona figo hiyo kama mgeni, hata ikiwa imetolewa na ndugu, na inaweza kuishambulia hata baada ya miaka.

Dalili ni mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, uzani kuongezeka ghafla, homa, shinikizo la damu kupanda na maumivu palipopandikizwa figo. Hata hivyo, mara nyingi mgonjwa hahisi lolote mwanzoni. Kipimo cha damu ndicho hutangulia kuonyesha, kwa kuwa kreatinini, uchafu unaoondolewa na figo, huongezeka.

Kwa hivyo mgonjwa asikose kliniki kwa sababu anajihisi mzima au ni msimu wa kuvuna mahindi. Ameze dawa kwa saa zile zile kila siku, wala asitumie za mitishamba kabla ya kumuuliza daktari.

Akiona dalili, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Akiwahi, mara nyingi figo huokolewa. Akichelewa, huenda akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na zawadi ya ndugu yake ikapotea.