Kalamu ya Sheria na Dhahabu ya Geita



Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga waliosema hivyo yumkini walikuwa wakiwaonya wafanyabiashara, lakini usemi wao unayahusu zaidi mataifa; na ni mahali pachache katika Tanzania ambapo ukweli wake umedhihirika kama katika ukanda wa dhahabu wa Kahama, mkoani Shinyanga, na Geita. Daftari la Taifa ni sheria. Anayeliandika ni mtumishi wa Serikali ambaye hapigiwi kura na mtu wala hashangiliwi Bungeni. Huyo ni mwandishi wa sheria.

Kazi yake huanza baada ya wengine kuamua. Wizara huandaa sera na kuipeleka kwenye Baraza la Mawaziri. Baraza likikubali, mwandishi huagizwa kuandika muswada. Muswada hutangazwa katika Gazeti la Serikali, husomwa Bungeni, huchambuliwa na Kamati, hupitishwa, na hatimaye Rais hutia saini. Katika safari hiyo yote nia ni ya wengine, lakini maneno kwa sehemu kubwa ni yake. Mahakama nayo, siku ya ugomvi ikifika, husoma maneno kwanza.

Ili kuuona uzito wa kazi hiyo, yafaa kuyatazama maisha ya hayati Jaji Mark Bomani, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki dunia Septemba 2020. Mwaka 1965 alishika wadhifa wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali baada ya Roland Brown, Mwingereza, akawa Mwafrika wa kwanza kuushika, na alidumu nao hadi mwaka 1976. Mwaka alioingia ndio uliopatikana Katiba ya Muda ya 1965. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967. Mabenki yalitaifishwa mara moja, na sheria za kuyahamisha zikapitishwa mwezi huo huo. Azimio lilikuwa tamko la siasa; ilibidi wanasheria waligeuze kuwa vifungu vinavyoeleza ni mali ipi inahama, lini inahama, madeni yanabebwa na nani, na wenye mali watalipwaje. Sheria hizo ziliahidi fidia kamili na ya haki. Tamko lisilo na vifungu vya namna hiyo lingebaki maneno ya jukwaani.

Ni katika kipindi hicho pia ilipotungwa Sheria ya Ndoa Na. 5 ya 1971, iliyoziweka chini ya paa moja ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali. Sheria hiyo ilitamka kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa, jambo zito sana kwa Usukumani, ambako mahari ni ng'ombe. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hata 14 kwa ruhusa ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Kwa Shinyanga, mkoa ambao ndoa za utotoni zimekuwa nyingi mno, tarakimu moja iliyoandikwa mwaka 1971 iliamua maisha ya wasichana kwa karibu nusu karne.

Baada ya mwaka 1976 Ndugu Bomani aliutumikia Umoja wa Mataifa katika suala la uhuru wa Namibia, na baadaye alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere, kisha wa Nelson Mandela, katika usuluhishi wa Burundi uliozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Angeweza kupumzika. Hata hivyo, dhahabu ya Kahama ilimwita tena kazini.

Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulitiwa saini mjini London. Habari zilipofika nyumbani zikawasha mjadala mkali, na Agosti mwaka huo Bunge likamsimamisha Mbunge Zitto Kabwe aliyeliibua suala hilo. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda Kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Bomani. Ndani yake waliketi wabunge wa Chama tawala na wa upinzani, akiwamo Zitto mwenyewe na Ndugu John Cheyo wa Bariadi. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 2008.

Suala lililoikabili Kamati linaweza kuelezwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Sheria ya Madini Na. 5 ya 1998 ilitaka mrabaha wa dhahabu uwe asilimia 3, tena ukokotolewe baada ya kuondoa gharama za usafirishaji, bima na usafishaji. Chukua dhahabu ya shilingi milioni 100. Gharama hizo zikiwa milioni 5, Taifa linapata milioni 2 na laki 8 na nusu. Sheria ya mwaka 2010, iliyofuata kazi ya Kamati, iliweka asilimia 4 ya thamani ghafi. Kwa dhahabu ile ile Taifa linapata milioni 4. Kilichobadilika ni tarakimu moja na maelezo mafupi ya neno "thamani". Mwaka 2017 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa.

Ingekuwa dhuluma kumlaumu mwandishi wa mwaka 1998 peke yake. Sera ya Madini ya 1997 ilitaka mitaji ya nje ije upesi. Mwandishi alitumwa kufungua mlango, akaufungua. Geita ilianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001. Lakini mikataba ilikwenda mbali zaidi ya sheria: wakati sheria ya serikali za mitaa iliruhusu ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato, mikataba iliweka dola 200,000 kwa mwaka, dhahabu ipande bei isipande. Na kwa vile mikataba ilikuwa na vifungu vya kujikinga na sheria mpya, sheria ya mwaka 2010 haikuigusa migodi ya zamani mpaka yalipofanyika mazungumzo. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Makampuni yalikuja na visu vilivyonolewa.

Isitoshe, yupo mchimbaji mdogo. Sheria ya 1998 ilimtengea Mtanzania leseni ndogo ya uchimbaji, nayo ni haki kubwa. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamagasa ataitetea vipi haki asiyoweza kuisoma? Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo inamwongezea mwandishi mzigo wa heshima: kuandika kifungu ambacho jaji atakiona kimenyooka, na mchimbaji aliye mdomoni mwa shimo atakielewa.

Mafunzo ni dhahiri. Mbunge hana budi kusoma muswada kifungu kwa kifungu, hasa kile cha tafsiri ya maneno, maana humo ndimo fedha hujificha. Mwananchi naye aitumie nafasi ya kutoa maoni mbele ya Kamati kabla muswada haujapita, badala ya kungoja kulalamika baadaye. Vijana wa Shinyanga na Geita wanaosomea sheria wasiukimbilie uwakili wa mjini peke yake. Serikali inahitaji kalamu kali kuliko zile zinazokodiwa na makampuni.

Pamba ikiharibika msimu huu, mkulima hupanda tena mwakani. Dhahabu huvunwa mara moja tu. Kwa hiyo neno litakaloilinda lazima liwe limeandikwa sawasawa kabla ya sururu ya kwanza kupiga mwamba.